Mbuzi ya Mama Mkwe

Simu yangu iligoma siku ya mahafali ya chekechea ya binti yangu mdogo. Alikuwa amevaa joho la kukodi linaloburura chini, kofia imemshukia mpaka puani, jina limeitwa, anapanda jukwaani kupokea cheti cha kujua kuhesabu hadi hamsini. Nikasimama kama kina baba wengine, nikainua simu, nikabonyeza. Simu ikaniandikia kwamba nafasi ya kuhifadhi imekwisha, nifute baadhi ya vitu kwanza. Nikapiga goti palepale katikati ya viti vya plastiki, nikaanza kufuta. Nilipoinua kichwa, jukwaani alikuwa mtoto wa watu wengine, na mimi nilikuwa nimefanikiwa kufuta picha tatu za risiti ya saruji.

Mke wangu hakusema kitu mbele za watu. Alisubiri tufike nyumbani Tabata, akavua viatu, akaketi, ndipo akasema: "Baba, simu yako na stoo yetu zimezaliwa tumbo moja."

Stoo yetu ilijengwa iwe chumba cha mtoto wa tatu. Mtoto wa tatu alipozaliwa hakuwa na pa kuingia. Mlango wake hufunguka nusu tu, kwa hiyo mtu mnene akitaka kitu humtuma mwembamba. Ndani mna televisheni ya chogo yenye rimoti tatu, na hakuna hata moja iliyo yake. Mna antena ya mabomba ambayo haijanasa chochote tangu usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam na sisi sote tukakimbilia ving'amuzi. Mna feni lisilo na mapanga, na mapanga yasiyo na feni, na nimeshawahi kupoteza Jumapili nzima kujaribu kuwaozesha. Hawakuwa wa ukoo mmoja. Mna ndoo iliyotoboka ambayo kazi yake ni kubeba ndoo nyingine zilizotoboka.

Halafu mna boksi la simu zilizokufa. Wanaokumbuka tarehe 16 Juni 2016 wataelewa. Usiku ule simu bandia zilizimwa nchi nzima, na mbili kati ya zilizotangulia mbele za haki zilikuwa zangu. Moja ilikuwa na laini nne na antena ya kuvuta ya kuangalia mpira. Nilishindwa kuitupa. Nilijiambia naiweka kwa muda tu, labda serikali itabadili mawazo.

Sasa, ofisini kwetu kuna bwana mmoja ambaye meza yake haina hata pini. Nilipomsimulia yaliyonipata mahafalini, alinitazama kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyechelewa, kesho yake akaniazima kitabu cha Marie Kondo. Ni yule mama wa Kijapani aliyeitia dunia wazimu wa kukunja soksi; kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2014, na mwaka 2019 Netflix wakampa kipindi. Mafundisho yake ni mepesi kuyaeleza. Unakusanya vitu vyote vya aina moja, unavimwaga mahali pamoja, unashika kimoja kimoja kwa mikono yako na kujiuliza: hiki kinanipa furaha? Kikikupa, kinabaki. Kisipokupa, unakishukuru kwa utumishi wake na kukiaga. Tena kuna utaratibu: unaanza na nguo, unafuata vitabu, karatasi, vikorokoro, na mwisho kabisa ndiyo vitu vya kumbukumbu, mkono ukiwa umeshazoea kuachia.

Nikaanza na nguo, kama nilivyoagizwa. Nguo zangu zilikwisha kwa dakika nane. Nikafungua kabati la mke wangu, nikashika doti ya kanga iliyokuwa bado haijakatwa.

"Hii inakupa furaha?"

"Hiyo ni ya msiba," akasema.

"Msiba wa nani?"

"Sijui bado. Irudishe."

Nikashika kitenge cha sare ya harusi. Ndoa yenyewe ilidumu miezi minane, kitenge hakijapauka hata ukingo. Akasema hicho ni cha kubebea mtoto. Nikamkumbusha kwamba mdogo wetu ameshahitimu. Akasema si lazima awe wetu. Kabati likafungwa, ufunguo ukaingia mahali ambapo mwanamume mwenye busara hapekui.

Jikoni nilikaa dakika chache zaidi. Chini ya sinki nilikuta mfuko umejaa mifuko. Ilikuwa rambo za zamani, zimekunjwa pembetatu kama sambusa, mamia, zilizokusanywa kabla ya tarehe 1 Juni 2019, siku mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Miaka yote hiyo nilikuwa nalala nyumba moja na shehena ya magendo. Nilipouliza, nikaambiwa zinasubiri.

Hapo ndipo nilipoanza kuona ugumu wa swali la yule mama. Yeye anauliza kama kitu kinakupa furaha *wewe*. Kwetu lazima kwanza uulize ni cha nani. Ile televisheni ya chogo ni ya shemeji aliyekwenda Oman kutafuta maisha, alisema ataifuata. Godoro lililosimama ukutani ni la kijana wa shangazi aliyekuja kwa usaili wa siku mbili, akapata kazi Dodoma, akaliacha liwe dhamana kwamba atarudi kutusalimia. Sanduku la bati ni la babu, hakuna anayejua lina nini, na hakuna anayetaka kuwa yeye aliyelifungua. Katika chumba kile, kilichokuwa changu ni vumbi tu. Mimi nilikuwa mlinzi tu, tena asiyelipwa.

Lakini kiburi hakimsikilizi mlinzi. Jumamosi iliyofuata mke wangu alikwenda kwenye kikao cha harusi ya mdogo wake, nikabaki peke yangu na stoo. Na kama shetani alivyo na ratiba nzuri, saa nne kamili likapita guta mtaani, mwenyewe anaita kwa sauti ya kuvuta: "Vyumaaa chakavu, betri mbovu, feni mbovu, mabati mabovuuu!"

Nikamwita. Alikuwa kijana mchangamfu mwenye mzani wa kuning'iniza, na hakuwa na habari ya kitabu chochote. Hakuuliza habari ya furaha. Aliuliza, "Chuma au bati, mzee?" Antena ikaenda. Feni likaenda pamoja na mapanga ya ukoo mwingine, wakalala guta moja hatimaye. Ndoo zikaenda. Chini kabisa, kwenye kona, chini ya gunia, nikaikuta mbuzi.

Mimi ni mtu wa Tabora. Kwetu mboga inaungwa kwa karanga, na mbuzi ya kukunia nazi nilikutana nayo ukubwani, baada ya kuoa pwani. Hii ilikuwa ya zamani: ubao mweusi uliong'aa kwa kukaliwa, unakunjwa kama kitabu, na mbele yake ule ulimi wa chuma wenye meno. Nikafikiri: nani leo anakaa chini kukuna nazi? Sokoni kuna mashine. Dukani kuna tui la pakiti. Nikaishika kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa, nikajiuliza kama inanipa furaha. Ikanikwangua kidole gumba.

"Asante kwa utumishi wako," nikaiambia. Kijana wa guta akageuka kutazama kama kuna mtu mwingine ndani.

Ubao hakuutaka. Akang'oa ule ulimi kwa nyundo mara mbili, akautupia mzanini juu ya mabaki ya ndoo. Ubao akauchukua jirani kwa kuni. Hesabu nzima ikawa shilingi 11,400, na alipoondoka niliusukuma mlango wa stoo ukafunguka mpaka mwisho, ukagonga ukuta kwa kishindo ambacho nyumba ile haikuwahi kukisikia. Nikasimama katikati ya sakafu na kunyoosha mikono pande zote mbili. Haikugusa kitu. Nakiri nilizunguka kidogo.

Ushindi ule ndio ulionipeleka kwenye simu usiku huohuo, na kwenye simu ndiko nilikoangamia.

Simu yangu ina gigabaiti 64, ambazo siku ya kuinunua nilidhani zitanizika. Kumbe nusu yake ilikuwa imekaliwa na picha za maua ya waridi na kikombe cha chai zenye maneno ya kunitakia asubuhi njema. Shangazi yangu hutuma moja kila alfajiri, na simu, bila kuniuliza, ilikuwa inazihifadhi zote. Nilikuwa na asubuhi njema za miaka minne. Kulikuwa na video moja ya mzee anayeanguka kwenye baiskeli, nimeletewa na watu kumi na mmoja kwa nyakati tofauti, na inaonekana kila mara nilicheka. Kulikuwa na picha za namba za LUKU, tarakimu ishirini ishirini, za umeme tulioumaliza kabla ya mtoto kuota meno. Kulikuwa na picha thelathini na saba za dari, zilizopigwa na huyohuyo mhitimu.

Nikafuta kama mtu anayepalilia. Kisha nikahamia kwenye makundi ya WhatsApp; nilikuwa katika makundi 27. Mengine yalikuwa mizuka. "Msiba wa Babu" liliundwa kuratibu mazishi, mazishi yakaisha, arobaini ikapita, na kundi halikufungwa. Leo humo wanauza mchele na kugombana kuhusu Simba na Yanga chini ya picha ya marehemu. Nikajitoa. Nilikuwa nimesikia kwamba tangu mwaka 2022 mtu anaweza kutoka kimyakimya, wakaarifiwa wasimamizi wa kundi tu. Jambo ambalo waliotengeneza hawakulifikiria ni kwamba katika makundi ya ukoo wetu kila mtu ni msimamizi, maana ukimpa mmoja wengine watanuna. Dakika mbili hazijapita, shangazi akapiga.

"Baba, tumekukosea nini?"

"Hapana shangazi, shikamoo, napunguza tu simu imejaa."

"Marahaba. Imejaa sisi?"

Nikarudishwa kundini, na picha ya waridi juu.

Nilipaswa kuishia hapo na kulala. Lakini lilikuwa limebaki kundi la kamati ya harusi ya shemeji yangu, yule mdogo wa mke wangu. Kila mwenye kuishi Tanzania anajua orodha ya michango: mtu anainakili, anaongeza jina lake na ahadi yake chini, anaibandika upya, mwingine anainakili hiyo, mpaka majina themanini na sita yanapita mbele yako kama treni ya mizigo, mara arobaini kwa siku. Nikasema, hizi za leo nabakiza moja tu, nyingine zinanijazia. Nikazichagua zote kwa kidole. Simu ikaniuliza: nifute kwako, au nifute kwa kila mtu? Kidole gumba nilichokwanguliwa na mbuzi kilikuwa na plasta. Plasta ikabonyeza nisipokusudia.

Tena na mimi nilikuwa msimamizi. Nimeshaeleza kwa nini.

Zikapotea zote, na hata ile niliyokusudia kuibakiza, kwenye simu za watu themanini na sita, na mahali pake pakatokea, mstari baada ya mstari, taarifa kwamba ujumbe umefutwa na msimamizi, jina langu likiwa wazi. Orodha yenyewe, binti yangu mkubwa alikuja kunieleza baadaye kwa upole wa kuumiza, ilikuwa maandishi matupu. Isingenipunguzia simu hata kijiko.

Kwa muda kundi lilikaa kimya. Halafu mtu mmoja akaandika: "Kwani jina lake lilikuwa namba ngapi?" Mwingine akajibu kwamba lilikuwa namba kumi na tisa, ahadi laki mbili. Wa tatu akauliza kwa adabu kubwa, "Na aliyoilipa?"

Sifuri. Nilikuwa nasubiri mwisho wa mwezi. Jaribu wewe kuwaeleza watu hao, saa tano na nusu usiku, habari za Marie Kondo.

Nililipa usiku uleule, laki mbili na hamsini elfu. Zile hamsini za juu hakuna aliyenidai, zilitoka zenyewe. Mweka hazina, dada mmoja asiyeamini mtandao, alikuwa na kila kitu kwenye kaunta buku. Akapiga picha kila ukurasa, akatuma. Wengine, ili wasije wakaonewa katika orodha mpya, wakatuma ushahidi wa malipo yao, kila mtu wake, na wengine wakatuma mara mbili kwa usalama. Asubuhi nilikuta picha 143 mpya, zote zimehifadhiwa. Shangazi alikuwa amenitakia asubuhi njema.

Nilikuja kujua baadaye kwamba Marie Kondo mwenyewe, mwaka 2023, akiwa na watoto watatu, alikiri mbele ya waandishi kwamba mambo ya kupanga nyumba ameyaachia kidogo. Bwana wa meza safi hakuniambia habari hiyo wakati ananiazima kitabu.

Wiki mbili kabla ya harusi, mama mkwe akaja kutoka Pangani. Nikampokea stendi ya Mbezi, nikabeba kiroba chake cha nazi ishirini kwa furaha ya kweli, nisijue ninabeba hati ya mashtaka. Alikunywa chai, akawaombea watoto, akauliza habari za kazi. Kisha akafunga kanga kiunoni na kusema nazi za chakula cha wageni wa kesho atakuna mwenyewe, maana ya mashine inasagwa pamoja na kifuu. "Mbuzi yangu mliiweka wapi?"

Mke wangu akanitazama. Kuna mtazamo ambao mwanamke huutunza miaka na miaka kama kanga ya msiba, akisubiri siku yake.

"Mama," nikasema, "niliiuza."

"Uliuza mbuzi?"

"Ndiyo, mama."

"Bei gani?"

"Ilipimwa kwa kilo. Pamoja na ndoo."

Akatafakari. "Mbuzi kwa kilo," akasema. "Basi umepunjwa."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepandisha. Alisema tu kwamba ile ilikuwa ya mama yake, naye aliiacha kwetu mke wangu alipoolewa, na kwamba wajukuu watakula wali mweupe kesho, si vibaya, watu hula. Akaingia chumbani kuswali.

Wajomba wa mke wangu walikuja jioni. Walikuwa wamekuja kwa mambo ya harusi, lakini wakaona wana kesi tamu zaidi. Mkubwa wao ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na nashuku hakuwahi kupata darasa zuri kama lile. Akakohoa, akatulia. "Mkwe wetu," akasema, "ameuza mbuzi *ya* mama. Hilo amekiri. Sasa kati ya *ya* na *wa* kuna umbali gani?" Wadogo zake wakajibu pamoja kwamba ni mdogo sana. "Basi atalipa mbuzi *wa* mama. Sarufi imeridhika."

Nikajitetea kwamba ngeli haziendi hivyo. Akasema ameifundisha kwa miaka thelathini na anajua mahali pa kuivunja.

Siku moja kabla ya harusi nikaenda Vingunguti na kurudi na beberu mweusi mwenye ndevu, ambaye ndani ya bajaji alinikalia zaidi kuliko nilivyomshika. Pa kumlaza usiku mmoja hapakuwepo. Uani hakuna ukuta, wezi wapo. Nyumba nzima ilikuwa imejaa wageni wa harusi. Palikuwa na chumba kimoja tu chenye nafasi, mlango wake unafunguka mpaka mwisho.

Alikaa humo kwa heshima. Usiku alikipata kitabu cha watu nilichokisahau juu ya sanduku la babu, akala kuanzia kwenye nguo mpaka karibu na karatasi. Asubuhi watoto wakataka kupigwa picha naye. Nikainua simu, ikaniambia nifute baadhi ya vitu kwanza.

Harusi ilikwenda vizuri, na beberu aliliwa kwa pilau. Mama mkwe alirudi Pangani na kiroba kitupu, ameniaga vizuri, ameniita mwanangu. Wiki iliyofuata kondakta wa basi akanipigia, kuna mzigo wangu stendi. Ulikuwa mzito, umefungwa kwa gunia na kamba ya katani. Nikaufungua palepale: mbuzi ya kukunia nazi, mpya, ubao bado unanuka randa. Chini yake ilikuwa nyingine, ya namna ileile.

Nikampigia kushukuru. Nikamwambia, mama, umejisumbua, tena mbili?

"Moja ni ya kukunia," akasema. "Ya pili ni ya kuuza."